Kilele cha Nyumba ya Ouma

Ogola amekufa, na mimi nimemlilia. Mwanawe, Tom, alinipigia simu asubuhi nikiwa nimekaa barazani hapa Nyalenda nikichambua kunde. "Mama, mzee ametuacha," akasema. "Tunamzika Jumamosi. Alituambia wewe lazima uitwe." Nikamuuliza alisema nini hasa, kwa maana namjua Ogola, mtu yule hakuwa na maneno matamu. Tom akajibu: "Alisema, mwiteni Nyar Nyakach, aje na mkono wake ule." Nyar Nyakach, binti wa Nyakach, ni mimi. Basi hapo nikasukuma sinia la kunde pembeni nikaangua kilio mpaka jirani yangu akaja mbio akidhani nimeumwa na nyoka. Mkono wenyewe ni huu wa kushoto, uliopinda chini ya kiwiko, ambao baridi ikija unaniuma hadi kwenye bega. Ogola ndiye aliyeuvunja. Na baadaye, kila mavuno yakiisha alinitumia debe la karanga huku mjini nilikohamia, bila salamu, bila neno, mpaka uzee ulipomlaza kitandani. Nilizila zote. Ukiniuliza mtu anawezaje kula karanga za aliyemvunja mkono, jibu langu ni mwaka mmoja tu wa ujana wangu, mwaka nilioolewa Seme, na kitu kidogo kilichokuwa juu ya paa la nyumba yangu.

Nimefundisha Kiswahili katika shule za msingi za mji huu mpaka nikastaafu, na neno moja lilinisumbua kila lilipotokea kitabuni. Kilele. Watoto wakiulizwa maana yake wanaandika sehemu ya juu kabisa ya mlima, nami nawapa vema. Kwenye harusi mshereheshaji anapaza sauti kwamba sasa tumefika kilele cha sherehe, watu wanasimama kutazama keki ikikatwa. Redioni kampeni zimefika kilele, joto limefika kilele, mashindano ya kwaya yamefika kilele. Sawa, ni Kiswahili safi, sina ugomvi nacho. Lakini mimi nikilisikia neno hilo naona kijiti. Kijiti kilichochongwa, urefu wa mkono hivi, kimechomoza juu ya paa la nyasi, mwendo mfupi kutoka sokoni Kombewa. Kwa Dholuo tunakiita osuri, na sijapata Kiswahili kinachokaribia zaidi ya hiki: kilele cha nyumba. Mwenye nyumba akiwa hai, kiko juu. Akifa na kuzikwa, ndugu yake anapanda anakitoa, na mpita njia akiinua macho anajua bila kuuliza kwamba humu ndani kuna mjane. Mjane huyo baadaye anachukuliwa na shemeji. Siku zile hakukuwa na hakimu wala karatasi katika jambo hilo. Na mwanamke hapandi paa la nyumba ya mumewe, hata kama linavuja mvua yote ya Nyasaye, Mungu wetu, kwa sababu kupanda ni kumtakia mumewe kifo.

Nyumba yangu ilikuwa ya udongo, ya duara, na mlango mmoja mfupi uliokulazimisha kuinama. Ndani kulinuka moshi na samadi mbichi niliyokuwa nikipaka sakafuni kila wiki, na nilijivunia sakafu ile kuliko nguo zangu. Kushoto kulikuwa na kitanda nyuma ya pazia la maua mekundu nililotoka nalo kwetu karibu na Katito. Kulia mafiga, mtungi na rafu ya vyombo. Siku ya kumaliza kuezeka, mume wangu Ouma alipanda mwenyewe na kile kijiti mkononi, akakaa juu kabisa, miguu huku na huku. Kaka yake mkubwa, huyo Ogola, alikuwa kwenye ngazi akimpa kamba. "Nyar Nyakach!" Ouma akaniita mbele ya waezekaji wote. "Unaniona?" Nikamjibu, "Nakuona, shuka, ugali unapoa!" Wanaume wakacheka, mmoja akasema bibi harusi ana njaa ya mengine, si ya ugali. Yawa, niliona haya mpaka nikaingia ndani na sufuria tupu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilimpenda Ouma vibaya sana. Nasema hivyo waziwazi kwa sababu bila hilo mambo yaliyofuata yataonekana ya wazimu.

Ouma alikuwa mvuvi. Kazi yake ilikuwa Usenge, ufuoni mwa ziwa, na kutoka hapo walivuka kwenda visiwani kukaa huko kwa majuma. Alirudi na gunia la omena, dagaa wa ziwa letu, na samaki mbuta wa kukaushwa kwa moshi, akala kwa haraka, macho kwenye sahani, akalala. Kila safari ilizidi ile iliyotangulia kwa urefu. Nikimuuliza, aliniambia samaki wamehama. Mimi nilitoka Nyakach kwenye mashamba, ningejua nini kuhusu samaki na mahali wanapohamia? Kisha siku moja, mvua ndefu zikianza, mtu wa baiskeli alifika na kuongea na Ogola pale kwenye lango la ua, na Ogola akashika kichwa kwa mikono miwili. Boti lilikuwa limepinduka. Tulikwenda Usenge pamoja, mimi na yeye.

Ufuoni omena walikuwa wameanikwa kwenye nyavu chini, weupe mpaka mbali, na juu yao, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pakavu, walikuwa wamelazwa vijana wawili waliovuliwa asubuhi. Walikuwa wenzake Ouma. Nyuso zao zilikuwa zimevimba, na mmoja hakuwa na jicho. Ouma hakuwapo. Mama mmoja alikuwa akijirusha chini na kuinuka, akijirusha na kuinuka. Mara watu wakamwona mwenye boti akijaribu kuondoka kwa nyuma ya vibanda, mtu ambaye kila mtu alijua boti lake limeoza chini. Walimkamata kwa shati. Walimpiga kwa makasia, kwa ngumi, kwa mawe ya nanga, na Ogola aliruka katikati akachukua kasia na kumpiga mdomoni mpaka meno yakatoka. Nilisikia sauti ya lile kasia. Sikugeuza uso, na nikisema nilimhurumia nitakuwa nadanganya. Nilitamani kasia lile liwe mikononi mwangu. Alipoburutwa, omena wakawa wekundu, na wanawake wenye omena wakasogea tu kuwapisha. Ogola alirudi kwangu akihema, akakaa mchangani akalia kama mtoto. Nililiona hilo pia. Alimpenda ndugu yake.

Tulimtafuta Ouma mpaka wapiga makasia wakachoka. Maji hayakumtoa. Kwetu mtu akipotea ziwani asipatikane, huzikwa yago mahali pake, lile tunda refu zito linaloning'inia mtini kwa kamba yake, ili roho ipate kaburi na isirudi kusumbua watoto. Baada ya yago kilele hutolewa, na mke anakuwa mjane kama wajane wengine. Nilikuwa nyuma ya jiko la mama mkwe nikisugua masufuria kwa majivu nilipowasikia. Ukuta ulikuwa na ufa. Mama alikuwa akisonga ugali, nausikia mwiko ukigonga, na Ogola alikuwa amekaa kwenye kigoda.

"Mama, tumesubiri vya kutosha," alisema. "Tuzike yago, nitoe kilele, mtoto wako apumzike."

"Na msichana?"

"Nitamchukua mimi. Nani mwingine?"

"Hajaona maiti, Ogola. Hata mimi sijaona."

"Utaona nini, Mama? Samaki wameshakula!"

Mwiko ukanyamaza. Kisha Mama akasema polepole, "Usiseme maneno hayo jikoni kwangu. Toka. Na huo ugali hutauonja leo." Ogola alitoka, akanikuta nimechuchumaa pale na sufuria, akajua nimesikia. Akaniambia ana kwa ana kile alichosema nyuma ya ukuta, bila kupunguza. Nikamjibu, "Mimi sijaona maiti, na wewe si mume wangu." Akanizaba kofi nikaona nyota mchana. Pembeni kulikuwa na sufuria ya uji wa moto nilioutoa motoni muda mfupi tu uliopita. Nilimrushia wote kifuani. Alipiga kelele, akararua shati, na ngozi ikatoka na shati. Kuanzia siku hiyo kisimani wanawake walinipisha, na mmoja aliyeniita mchawi anayemzuia mumewe asizikwe nilimtupia mtungi wake majini na kumkamata nywele mpaka wakatutenganisha. Sikuwa hivyo kwetu. Kwetu nilikuwa msichana wa kwaya.

Siku ya yago walikuja wanaume wengi, asubuhi jua likiwa tayari kali. Shimo walikuwa wamechimba kando ya nyumba. Lile tunda lilikuwa limelala kwenye blanketi, kijivu, refu, na kuna mtu alikuwa amelifunika kwa koti la Ouma. Koti langu lile, nililolifua mimi! Nadhani ni koti lililonitia kichaa. Ngazi ya Ogola ilikuwa imeegemezwa tayari ukutani, na yeye alikuwa akinoa panga la kukatia kamba. Nilipita katikati yao wote, nikapanda. Nilisikia wanaume wakisema "Aaa! Aaa!" kwa sauti ya chini, kisha kwa sauti ya juu. Nilipofika juu niliisukuma ngazi kwa mguu ikaanguka, nikakikumbatia kilele kwa mikono na magoti. Kilikuwa cha moto kwa jua na kilinuka utomvu. "Nyar Nyakach, shuka!" alipiga kelele mzee mmoja. "Unamwua!" Nikamjibu kutoka juu, "Mnaomwua ni nyinyi! Mume wangu yuko hai mpaka nimwone amekufa! Anayetaka kilele hiki aje akitoe pamoja na mimi!"

Walinitupia mawe. Sijui nani alianza. Moja lilinipata mgongoni, jingine sikioni, na damu ikaingia shingoni. Ogola akasimamisha ngazi akapanda na panga, kifua chake bado kibichi kwa uji. Nilimpiga teke usoni. Nilihisi pua ikivunjika chini ya kisigino. Hakushuka. Akanishika kifundo cha mguu akavuta. Nilimwuma mkono nikaonja damu. "Achilia!" akapiga kelele, na macho yake yalikuwa na machozi, nayakumbuka machozi yale. "Achilia ndugu yangu apumzike!" Alivuta kwa nguvu zake zote. Nyasi zikateleza, tukaporomoka wote wawili, na mimi niliangukia mkono huu nao ukakatika kwa sauti kama kuni. Nilitazama juu nikiwa nimelala pale chini. Kilele kilikuwa kimesimama, kimepinda kidogo tu. Ogola alitaka kupanda tena, na hapo ndipo mama yake alipotoka jikoni na mwiko, akampiga nao kichwani, mabegani, mgongoni, mpaka mwiko ukakatika. "Ukitaka kumzika mmoja wa wanangu leo," alisema, "utazikwa wewe!" Wanaume wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Lile yago lilibaki pale kwenye blanketi, na jioni nilienda kwa mkono mmoja nikachukua koti langu.

Mtu wa kuunga mifupa aliufunga mkono kwa vijiti na kamba, vibaya, kama unavyouona. Wazee wakakaa, wakakubaliana kilele kisiguswe kwanza mpaka mwaka upinduke. Kwa hiyo nilikaa humo ndani, si mke si mjane. Nilipika mafungu mawili na kumfunikia Ouma lake, na kesho yake nikala kiporo. Mama alikuwa akija, anakaa mlangoni, tunachambua omena tu. Ogola hakunigusa tena, lakini tulipokutana njiani alitema mate chini. Sasa nikiwa mzee najiuliza nilikuwa napigania nini juu ya paa lile. Nilikuwa nampigania Ouma, ndiyo. Lakini pia nilikuwa najua kwamba kijiti kile kikishuka mimi ni mali ya Ogola, na hakuna atakayeniuliza. Yote mawili yalikuwa ndani ya mikono ile ile miwili, na siwezi kuyatenganisha hata leo.

Ouma alirudi mchana mmoja wakati wa kuvuna mtama. Aliingia langoni kwa miguu yake, amenenepa, shati jipya. Nyuma yake kulikuwa na mwanamke, na mgongoni mwa mwanamke mtoto ambaye tayari alikuwa na meno. Mama alianguka chini akimshukuru Nyasaye. Watu wakaja mbio, wengine wakaogopa kumgusa. Nilimtengea chakula, kwa sababu mikono yangu haikujua jambo jingine la kufanya: ugali, samaki ngege wa mchuzi, mboga. Alikaa kwenye kigoda chake akaanza kula kwa haraka, macho kwenye sahani. Mwanamke alikaa karibu na pazia langu la maua mekundu akamnyonyesha mtoto.

"Ulikuwa wapi?" nikamuuliza.

"Kisiwani. Boti la watu wa Uganda lilinitoa majini."

"Siku ile ile?"

"Siku ile ile."

"Ulijua huku wanataka kukuzika?"

"Wanawake wa kununua omena walisema." Alitoa mwiba mdomoni. Akautazama mkono wangu kwa mara ya kwanza. "Na hilo pia walisema. Walisema uliwashinda wote. Huyu mwenzako alichoka kukaa kisiwani, anataka boma. Nikamwambia kwangu kilele bado kiko juu, basi nyumba bado ni yangu. Twende."

Alisema hivyo kwa upole kabisa, kama ananisifu. Ogola alikuwa mlangoni. Amesikia yote. Aliinama akaingia, akapiga teke sahani, akampiga Ouma ngumi ya mdomo iliyomtupa kwenye mafiga. "Nimemvunja mtoto wa watu mkono kwa ajili ya maiti yako!" alipiga kelele. "Nimelia mchangani kwa ajili yako! Nimempiga mtu mpaka leo hatafuni!" Walipigana humo ndani, mtungi ukapasuka, pazia likaanguka, mtoto akalia, mpaka Mama akaingia katikati na kuwatawanya kwa makofi. Ogola akatoka nje akakaa chini ukutani, anatema damu. Ouma akafuta mdomo, akaokota kigoda, akaniambia nimletee chakula kingine.

Nilimletea. Nilimpakulia vizuri, nikamnawisha, nikatoka. Ngazi ilikuwa nyuma ya jiko. Niliiburuta kwa mkono mmoja mpaka ukutani nikaiegemeza. "Mwanangu," Mama akasema kwa sauti ndogo, "mwanamke hapandi." Nikamwambia, "Mimi nilishapanda, Mama." Nilikanyaga kidato cha kwanza na ngazi ikateleza, kwa kuwa mkono wa pili haukuwa na nguvu ya kushika. Ogola akainuka. Nilidhani anakuja kunivuta, nikakaza mguu wa kumpiga. Akaja, akaweka mguu wake kwenye kidato cha chini, akaishika ngazi kwa mikono miwili, uso ameugeuzia pembeni. "Panda," akasema.

Nilipanda. Majirani waliokuja kumwona Ouma walirudi nyuma wote. Nilikishika kilele nikakitikisa kushoto, nikakitikisa kulia, kwa mkono mzima na kwa kidevu, mpaka kamba zikakatika na nyasi zikaachia. Ouma alitoka mbio, ugali bado uko mkononi. "Wewe mwanamke! Una wazimu? Niko hai! Si unaniona niko hai?" Nilikitupa miguuni pake. Aliruka nyuma kama aliyekanyaga makaa, na yule mwanamke wa kisiwani, aliyejua maana yake kama tulivyojua sote, alimbeba mtoto akatoka langoni bila kugeuka. Ouma alikuwa akigeuka kwa huyu na kwa yule, anajigonga kifua, anawaambia watu wamshike, wamguse, yuko hai. Mimi nilikaa juu pale pale, nikavuta pumzi, nikapiga nduru ya mke aliyefiwa, ile ya kuwaita watu matangani. "Uwi! Ouma amekufa! Uwi, baba, Ouma amekufa!" Nduru hiyo kwetu haiachwi bila kuitikiwa. Ikaitikiwa, kwanza kutoka uani, halafu boma la pili, halafu ng'ambo ya kijito, mpaka sauti yake Ouma haikusikika tena. Wa kwanza kuitikia alikuwa mama yake.